Kabla ya Kugusa Paji la Uso, Tazama Kifua

Mtoto akishikwa na homa, huku Lamu kila anayeingia nyumbani humwekea mkono kwenye paji la uso. Hakuna ubaya, ila mkono hausemi mengi. Kuna mtoto mwenye joto la 39 na bado anacheza uani, na kuna mwenye joto dogo tu na kumbe ana nimonia. Kifua ndicho kitazamwe kwanza.

Pandisha nguo mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Hesabu kila tumbo linapopanda, kwa dakika nzima ya saa ya simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili: kitoto kichanga hupumua mbio kidogo, kikatulia, kisha kikaanza tena, na hesabu yako itapotea. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi, lakini hesabu tena kuhakikisha. Kuanzia miezi 2 mpaka kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi ni nyingi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Na ukiona chini ya mbavu panabonyea kila avutapo pumzi, hayo si mafua tena, hata hesabu ikiwa ndogo. Mafuta ya kusugua kifuani hayafiki kwenye mapafu.

Aliye Langoni, mjini Lamu, atafika hospitali kwa miguu. Aliye kisiwani Ndau, au Kizingitini kule Pate, anangoja chombo, chombo nacho kinangoja maji yajae, na upepo wa Kusi ukivuma bahari haina adabu. Dalili iliyoonekana alasiri basi isiachwe ilale: zahanati ya karibu kwanza, na boti iulizwe wakati huohuo.

Kwenye degedege ndipo ninapogombana na wazee wetu, kwa heshima zote. Mtoto anafukizwa, anaitiwa wa kumzingua, na saa zinakwenda. Kumsomea si vibaya; asomewe ndani ya boti. Anapotetemeka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usitie kijiko wala kidole kinywani, usimnyweshe kitu, na utazame saa. Mara nyingi hukoma kabla ya dakika 5. Ikipita hapo, au likimrudia kabla hajazindukana, ni dharura. Hata likikoma lenyewe apelekwe siku hiyohiyo akapimwe damu, maana malaria iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo huanza vivyo hivyo.

Kuhara watu wanakujua zaidi, ila ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, huharibiwa kwenye kipimo cha maji. Soma pakiti: kuna ya nusu lita na ya lita nzima. Ukipunguza maji, chumvi inazidi na kumdhuru mtoto. Dafu halishiki nafasi yake, kwani sodiamu yake ni haba. Zinki, dawa ya kuhara, ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, na isikatishwe kuhara kunapokoma. Finya ngozi ya tumbo: ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, maji yamempungukia vibaya.

Asiyenyonya, anayetapika kila kitu au aliyelegea hata haamki, hahitaji kuhesabiwa chochote: apelekwe hospitali mara moja. Wa chini ya miezi 2 vilevile, kipimajoto cha kwapani kikisoma 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5. Huyo safarini afungwe kifuani mwa mamake, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani, kwa sababu upepo wa baharini humpoza upesi.