Fizikia ya joto ianzie kwenye sufuria

Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95, si 100. Maharagwe yanachelewa kuiva, makala yanakwisha. Kwa maoni yangu, kozi ya joto na fizikia ya takwimu katika vyuo vyetu ianzie hapo. Mashine ya Carnot ya 1824, ile injini ya joto ya kufikirika ambayo kozi huanza nayo, isubiri kidogo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Zidisha 8.314 (R, namba isiyobadilika ya gesi) kwa kelvini 293 (nyuzi 20), kisha gawanya kwa 0.029 × 9.8 (kilo za moli moja ya hewa, mara mvutano wa dunia): unapata mita 8,570, kimo ambacho ukikipanda shinikizo la hewa linagawanyika kwa e, yaani 2.718. Gawanya 1,500 kwa namba hiyo, ni 0.175, na e kwa kipeo cha −0.175 ni 0.84. Basi shinikizo la hewa Goma ni asilimia 84 ya lile la pwani. Sasa chukua joto fiche la maji (nishati ya kuyageuza mvuke), jouli 40,700 kwa moli, na T iwe joto la kuchemka: 1/T = 1/373.15 + 8.314 × 0.175/40,700. T inatoka kelvini 368, yaani nyuzi 95.

Wanaokosea, wengi wao hukosea mwanzoni kabisa. Mmoja anaweka nyuzi 20 badala ya kelvini 293, anapata mita 585, na hewa ya Goma inashuka chini ya asilimia 8 ya ile ya pwani. Hapo hakuna mtu angepumua! Jibu la namna hiyo lingemshtua mara moja, kwa sababu mji anaujua. Mwingine anachanganya R, namba ya moli nzima, na k, namba hiyo hiyo kwa molekuli moja.

Tena angalia: mara zote mbili nishati imegawanywa kwa RT (R mara joto) ndani ya kipeo; katika hesabu ya pili kipeo kimejificha, maana 0.175 ni logi ya shinikizo. Ya kwanza ni ya kuinua molekuli, ya pili ni ya kuing'oa kwenye maji. Huyo ni Boltzmann, mwanafizikia wa kanuni hiyo ya kipeo, kaja bila kuitwa.

Entropi nayo isifundishwe kama "vurugu"; neno hilo limepoteza wengi. Ni kuhesabu tu. Gawa punje 10 za maharagwe kwenye sahani mbili: zote kushoto, njia 1; tano kwa tano, njia 252. Logi ya idadi hiyo, mara k, ndiyo entropi. Kisha mpe mwanafunzi punje 20: kumi kwa kumi, njia 184,756. Mwulize kwa nini ni zaidi ya 252 × 252, ambayo ni 63,504 tu. Mwache ahangaike nalo hadi aone kwamba makundi mawili ya punje 10 sasa yanaruhusiwa kufidiana: moja likigawanyika sita kwa nne, lingine nne kwa sita.