Chura wa Kihansi: bwawa au fangasi?

Kila mgawo wa umeme unaporudi, chura wa Kihansi, yule chura mdogo wa Tanzania aliyetoweka porini baada ya bwawa la umeme kujengwa kwao, naye hurudishwa kizimbani. Nimewahi kumsikia abiria kwenye daladala akilalamika kwa uchungu: "Sisi tunakaa gizani, chura analipiwa ndege kwenda Marekani." Simlaumu. Katikati ya miaka ya 1990 mabwawa yetu yalipungukiwa maji, umeme ukawa wa kugawana, na mradi wa umeme wa Kihansi kwenye milima ya Udzungwa ulikuwa na hesabu nzuri: bwawa dogo, maji yanayoshuka mita 850 hivi, megawati 180. Chura mwenyewe aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza. Wanaomtetea wasilipite hilo kimyakimya.

Watetezi wa mradi wana hoja nyingine, nayo ni ya kisayansi. Mitambo ilipoanza kazi, maji ya maporomoko ya Mto Kihansi, ambayo manyunyu yake ndiyo yaliyomweka chura hai, yalipungua kwa karibu asilimia 90. Vikafungwa vinyunyizio vya kurudisha manyunyu, na vyura wakaongezeka, hata kufikia Juni 2003 walikadiriwa kuwa 20,000 hivi. Januari 2004 watafiti waliopekua bonde lile waliona watatu. Ugonjwa wa fangasi aina ya kitridi, ambao umeua vyura katika mabara mengi, ulikuwa umeingia. Kwa hiyo, wanasema, aliyeua ni fangasi na bwawa halina hatia.

Hapo ndipo ninapoachana nao, na kinachoniachanisha nao ni hekta mbili.

Eneo lote alilokuwa akiishi chura huyu lilikuwa takriban hekta mbili, yaani viwanja vitatu hivi vya mpira. Hapo ndipo palipokuwa nyumbani kwake katika dunia nzima. Aliishi kwenye majani na mawe yaliyolowa manyunyu ya maporomoko saa zote, usiku na mchana, masika na kiangazi. Ni chura wa manjano asiyefika sentimita tatu. Hatagi mayai, huzaa. Ngozi ya tumbo la jike mwenye mimba ni nyepesi kiasi kwamba watoto huonekana kwa ndani, na mtoto anapozaliwa hafikii urefu wa punje ya mchele. Maumbile yake yote yalitegemea maji yale yasikatike.

Sasa fikiria ugonjwa uleule ukimvamia chura aliyetapakaa milima kumi. Utafagia mabonde mawili matatu, kwingine watabaki wa kuanzisha kizazi upya. Wa Kihansi hakuwa na kwingine. Na hata zile hekta mbili zilikuwa zimeshaguswa: manyunyu ya mabomba badala ya maporomoko, watu wakiingia na kutoka. Wapo pia wanaotaja maji yenye tope na viuatilifu yaliyofunguliwa kutoka bwawani mwaka huohuo wa 2003. Hilo la mwisho linabishaniwa na mimi silisimamii. Ninachosimamia ni kwamba mgonjwa aliyekwisha kudhoofishwa akifa kwa malaria, huwezi kuandika malaria peke yake ukaishia hapo. Viumbe wengi hutoweka hivyo: makazi hubanwa kwanza, kisha maradhi, ukame au mgeni mvamizi humalizia.

Neno "kutoweka" nalo tunalitumia kana kwamba lina maana moja. Mnyama anaweza kutoweka wilayani kwako akawapo wilaya ya jirani, na siku moja akarudi kwa miguu yake. Anaweza kutoweka kabisa, kama ndege dodo wa kisiwa cha Mauritius. Kati ya hayo mawili kuna kutoweka porini, yaani amebaki mikononi mwa binadamu tu, na ndivyo Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilivyomtangaza chura wa Kihansi mwaka 2009. Hakufuata njia ya dodo kwa sababu moja tu: Desemba 2000, miaka mitatu kabla ya maafa, vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Wengi walikufa huko mwanzoni. Waliosalia ndio waliozaa wote walio hai leo.

Hiyo ndiyo safari ya ndege aliyokuwa akiilalamikia yule abiria. Ningependa aione kama sehemu ya bei ya umeme wa Kihansi. Zege lilikuwa kwenye hesabu, mitambo ilikuwa kwenye hesabu, maji ya chura hayakuwamo, na deni lililosahauliwa hulipwa baadaye likiwa limevimba. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaanza kuachiwa bondeni kwao, chini ya manyunyu yanayotoka kwenye bomba.