Kilo zimetoka, daftari la kalori libaki?

Mtu anayepunguza uzito hapa Dodoma huvumiliwa. Saa nne asubuhi pale Mtumba, kwenye mji wa Serikali, wenzake wakiagiza supu na chapati, naye akaomba chai isiyo na sukari, watamtania kidogo kisha watamwacha. Wanajua ana shughuli yake. Uvumilivu huisha siku suruali zinapoanza kumpwaya. Akionekana bado anapima wali kwa kikombe na kuandika kwenye simu, anaambiwa amezidisha. "Si umeshapungua? Kula basi." Kwenye semina anaonekana anaringa, na nyumbani wanahisi kuna ugonjwa anaficha.

Swali lenyewe ni halali. Aliyepungua kwa kuhesabu kalori aendelee kuhesabu miaka na miaka, au afunge daftari ale kwa kusikiliza njaa yake? Wanaosema afunge wana hoja nzito, na nitazifikia. Ila jibu lao limezoeleka kiasi kwamba anayeendelea na hesabu hachukuliwi tena kama mtu mwenye sababu. Anaonekana ana tatizo kichwani. Wala hili si jambo la matajiri wachache: utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 uliwakuta wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi au unene. Wanaoambiwa na daktari wapungue ni wengi, na kila anayefanikiwa atafika kwenye swali hili.

Kusikiliza njaa ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye njaa yake inasema kweli. Aliyetoka kupungua hana njaa ya namna hiyo, na kuna tarakimu moja inayoonyesha hilo kuliko maelezo yoyote ninayoyajua.

Mwaka 2016 David Polidori, Kevin Hall na wenzao wawili walichapisha hesabu waliyoifanya kutokana na jaribio la dawa ya kisukari cha aina ya pili. Dawa ile hufanya sukari itoke mwilini kwa njia ya mkojo. Wagonjwa 153 waliitumia kwa mwaka mzima, kila mmoja akipoteza takriban kalori 360 kwa siku chooni bila kuhisi chochote. Hawakuwa wamepewa mpango wa kujinyima, na hawakuwa na njia ya kujua ni kiasi gani kimetoka. Uzito ulishuka kilo chache, kisha ukagoma. Watafiti wakauliza: kama kalori bado zinatoka kila siku, mbona kilo zimesimama? Ilibidi watu wale wawe wanakula zaidi. Walipopiga hesabu wakaona kwamba kwa kila kilo moja iliyotoka, hamu ya kula ilipanda kwa karibu kalori 100 kwa siku juu ya kiwango cha awali. Matumizi ya mwili nayo yalishuka kwa kalori 20 hadi 30 kwa kila kilo.

Tukae hapa kidogo. Chukua mtu aliyepunguza kilo tano, kiasi ambacho mtaani wala hakitambuliwi. Mwili wake sasa unatumia kalori kama 125 pungufu kwa siku, na hamu yake inamvuta ale 500 zaidi ya alivyokuwa akila alipokuwa mnene. Zaidi ya alipokuwa mnene! Kijiko cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, kwa hiyo 500 ni vijiko vinne vya mafuta ya alizeti, kila siku, bila kuhisi kwamba amekula kupita kiasi. Atahisi ameshiba kawaida. Huyo ndiye tunayemwambia asikilize tumbo lake.

Nikiri mpaka wa ushahidi huu. Wagonjwa wale walipungua kama kilo nne tu kwa wastani, kwa hiyo kuchukua aliyepunguza kilo 15 na kusema hamu yake imepanda kwa kalori 1,500 ni kuivuta hesabu kwenda mahali ambako haikupimwa. Siamini kama mstari unakwenda umenyooka mpaka huko. Lakini hata tukiikata nusu, inabaki 750, ambayo ni mlo mzima wa ziada unaodaiwa kila siku na mwili ambao mahitaji yake yamepungua. Zaidi ya ukubwa wa tarakimu, kinachonigusa ni kwamba wale watu hawakujua. Hakuna anayeweza kusema walikosa nidhamu, kwa sababu hapakuwa na nidhamu iliyokuwa ikijaribiwa. Hamu ilipanda kimyakimya, ikaziba pengo. Tunapomwona jirani aliyekuwa ameng'ara mwaka jana amerudi alikotoka, tunasema uroho umemshinda. Tumrudishie heshima yake.

Ushahidi mwingine unaelekea hukohuko. Huko Melbourne, Australia, watu 50 walipunguzwa uzito kwa wiki kumi. Mwaka mmoja baadaye homoni zao bado hazijatulia: leptini, inayoashiria akiba ya mafuta mwilini, ilikuwa chini, na grelini, inayochochea njaa, ilikuwa juu. Hayo yalichapishwa mwaka 2011. Washindani 14 wa kipindi cha televisheni cha kupungua cha Marekani walipopimwa tena baada ya miaka sita, miili yao ilikuwa ikitumia takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya iliyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao, na 13 kati yao walikuwa wamerudisha kiasi fulani cha uzito. Uchambuzi wa tafiti 29 za muda mrefu za Marekani ulionyesha zaidi ya nusu ya uzito uliotoka hurudi ndani ya miaka miwili, na zaidi ya asilimia 80 hurudi kufikia mwaka wa tano. Sindano za semaglutide zinazosifiwa siku hizi nazo, walipoziacha, watu walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka mmoja.

Kwa watu wa Ugogo, huku kwetu Dodoma, hili halipaswi kuwa geni. Hii ni nchi ya mvua za kubahatisha, iliyopita kwenye Mtunya, njaa iliyoua maelfu mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia baada ya majeshi kubeba nafaka na mifugo. Mwili unaopigana kurudisha akiba yake ndio uliowavusha waliovuka. Hauwezi kujua kwamba leo kupungua kumeagizwa na daktari.

Sasa upande wa pili.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba tarakimu zenyewe ni za kubabaisha. Ni kweli. Hata Marekani, ambako kila pakiti ina lebo, mamlaka ya chakula na dawa inaruhusu lebo iachane na ukweli kwa hadi asilimia 20. Kwetu mashaka ni makubwa zaidi. Tunayo majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania ya mwaka 2008, yaliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard, kazi nzuri ambayo wengi hawajui kama ipo. Lakini jedwali halijui mpishi wako. Ugali wa uwele wa nyumba hii umekazwa, wa nyumba ile ni laini umejaa maji. Mlenda mmoja una karanga za kupondwa mkono mzima, mwingine una chumvi na magadi tu. Na familia inayokula kwenye sinia moja haina hata pa kuanzia. Huwezi kupima tonge.

Ya pili inanisumbua zaidi, na haisemwi sana. Anayehesabu huvutwa kwenye chakula kinachohesabika. Biskuti ina tarakimu mgongoni, mlenda hauna. Simu inatambua mkate wa kiwandani na mtindi wa kopo, kisha inashangaa ukiandika uji wa mtama. Polepole mtu anaacha chakula bora cha nyumbani, chenye nyuzi na kinachoshibisha, anahamia kwenye pakiti, kwa sababu pakiti inampa uhakika. Nimewaona wa aina hiyo. Hesabu yao iko sawa na chakula chao ni kibaya.

Ya tatu ni ya afya ya akili, na hii si ya kupuuza. Mwaka 2017 Cheri Levinson na wenzake waliwauliza watu 105 waliogundulika kuwa na maradhi ya ulaji, yale ya akili yanayovuruga namna mtu anavyokula, kuhusu programu moja maarufu ya kuhesabu kalori. Karibu asilimia 75 walikuwa wameitumia, na kati ya hao asilimia 73 walisema imechangia ugonjwa wao, angalau kwa kiasi. Utafiti huo hauwezi kuonyesha kwamba programu ndiyo iliyowasababishia ugonjwa. Huenda wenye mwelekeo huo ndio huikimbilia. Lakini kwa mtu ambaye siku yake nzima inaharibika kwa kuvuka kalori 50, mjadala wa chanzo ni nini na matokeo ni nini haumsaidii.

Kuna na ya jamii: msibani, harusini, kwa mama mkwe. Hii naipa uzito mdogo. Mtu anaweza kula msibani bila kuandika, na siku moja haimrudishi popote.

Turudi kwenye ile ya kwanza, kwa maana ndiyo hurushwa mbele kama vile imemaliza mjadala. Hesabu ikiwa si sahihi, ya nini? Saa iliyo nyuma kwa dakika kumi siku zote bado inakuwahisha kazini ukishaijua. Anayeandika kwamba ugali wake una kalori 400, kumbe una 480, na akaukadiria hivyohivyo kila siku, hajapotea. Mizani itamwambia kama jumla yake inamfaa, naye atasogeza. Anachohitaji kuona ni mabadiliko, na mabadiliko ndiyo macho yasiyoyaona. Nusu kilo kwa mwezi haionekani kwenye kioo, ila kwa mwaka ni kilo sita.

Na mbadala wa daftari ni nini? Ni kumbukumbu, ambayo ni mbovu kuliko lebo yoyote. Mwaka 1992 Steven Lichtman na wenzake waliwapima watu kumi waliolalamika kwamba wanakula kidogo na hawapungui. Kwa kipimo cha maji yenye alama maalumu, kinachoonyesha mwili umetumia kalori ngapi na ambacho hakidanganyiki, ilionekana walikuwa wakitaja pungufu ya walichokula kwa asilimia 47. Si kwamba walikuwa waongo. Ndivyo kumbukumbu ya chakula ilivyo.

Kwa hiyo mimi naegemea kwa wanaobaki na daftari, ila si daftari lilelile. La kupunguza uzito huandika kila kitu. La kutunza uzito linaweza kuandika vitu vitatu au vinne: mafuta, sukari, vinywaji na vitafunwa vya kati. Huko ndiko kalori za Dodoma zinakojificha. Mafuta ya alizeti ya Singida na Kongwa ni mazuri, na tunayamimina kwa makadirio. Anayepika nyumbani anaweza kumimina kwa kijiko na tatizo likawa limepungua nusu. Anayekula kwa mama lishe kila mchana hana uwezo huo, na ndiye ningemshauri asiharakishe kufunga daftari. Ugali, mlenda, maharage na mchicha vinaweza kuachwa bila kuandikwa, na hapo hofu ya kuhamia kwenye pakiti inapungua yenyewe.

Kwa ambaye hawezi kabisa kuishi na hesabu, iko njia iliyojaribiwa. Rena Wing na wenzake, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, walichukua watu 314 waliokuwa wamepunguza angalau asilimia 10 ya uzito wao ndani ya miaka miwili. Waliwagawa makundi matatu: moja lilitumiwa majarida tu, na mawili, moja kwa kukutana ana kwa ana na moja kwa intaneti, yalifundishwa kujipima kila siku na kusoma mizani kwa rangi. Ukiongezeka chini ya kilo 1.4 uko kijani, endelea. Kuanzia hapo hadi kilo 2.2 ni njano, tafuta kilichobadilika. Ukifika 2.3 ni nyekundu, rudi kwenye mpango wa kupunguza. Baada ya miezi 18, waliotumiwa majarida tu walikuwa wamerudisha wastani wa kilo 4.9, na waliokutana ana kwa ana kilo 2.5. Waliofundishwa kwa intaneti walirudisha 4.7, karibu sawa na wasiofundishwa, jambo la kutafakari kwa wanaouza makundi ya kupungua ya WhatsApp.

Ningeuchukua mpango huo hivi: daftari lifungwe ukiwa kijani, lifunguliwe kwa wiki mbili ukigusa njano. Asiye na mizani nyumbani apimwe kwa wale vijana wa kando ya barabara kwa shilingi mia chache, mara moja kwa wiki, mizani ileile, saa ileile, nguo nyepesi. Na aliyewahi kujitapisha, kujinyima hadi kuzimia, au anayetetemeka akifikiria kupanda mizani, huyo asipewe daftari wala rangi. Apelekwe kwa daktari, na walio nyumbani waache kumhesabia.