Utafiti wa programu ya ujenzi ufanyike saiti, siku ya zege

Anayelipia programu ya kusimamia miradi ya ujenzi na anayeitumia ni watu wawili tofauti. Mkurugenzi anataka chati za maendeleo na gharama. Msimamizi wa saiti ndiye anayejaza taarifa zinazozaa chati hizo, juani, glavu mkononi. Watafiti wengi humhoji wa kwanza na kumsahau wa pili, kisha kampuni inashangaa kuona kazi imerudi kwenye daftari na kundi la WhatsApp.

Ukitaka kuujua ukweli, nenda siku ya kumwaga zege. Lori likifika, msimamizi anatakiwa aandike namba ya hati ya mzigo, saa ya kufika, mita za ujazo, kipimo cha ulaini wa zege kwa milimita, na namba za sampuli zitakazovunjwa maabara baada ya siku 7 na 28. Mambo matano tu. Lakini programu inamtaka kwanza achague shughuli kwenye ratiba yenye mamia ya mistari, kisha eneo, kisha mkandarasi mdogo, ndipo nafasi ya kuandika ifunguke. Kabla hajamaliza, lori la pili limeshaingia getini. Basi anaandika kwa kalamu nyuma ya hati, na jioni anaingiza yote kwa kukumbuka. Ukimuuliza kama ripoti hujazwa kila siku atasema ndiyo, na hasemi uongo. Ila saa zilizomo ni za kukisia, na sampuli ya siku ya 28 ikishindwa, hakuna mwenye hakika lori lipi lilijaza nguzo ipi.

Hili hulioni kwenye mahojiano. Unaweza kuanza kuliona kwenye kumbukumbu za mfumo: linganisha saa ya tukio na saa rekodi ilipoingizwa. Rekodi zikisongamana zote kati ya saa 11 na saa 12 jioni, fomu yako haijaziki mchana. Hapo ndipo uende saiti ukatazame kwa nini.

Ukifika, bosi asiwepo karibu, la sivyo kila mtu ataifuata programu kama mwongozo unavyosema. Eleza mapema kwamba kinachopimwa ni programu, si mtu. Usimsemeshe mtu pampu ikiwa inafanya kazi. Andika swali lako, uliulize baadaye. Omba kuona karatasi zake, kwa sababu kila kilichoandikwa pembeni ni kitu ambacho programu imeshindwa kukipokea. Kwangu mimi karatasi hizo zina thamani kuliko dodoso lolote. Na unapompa kazi ya majaribio, usiseme "fungua ripoti ya siku", maana umeshamtajia kitufe. Sema "lori la pili limekuja, liweke kwenye kumbukumbu", kisha nyamaza.

Kuhusu idadi ya washiriki, watu hukariri kwamba watano wanatosha. Hesabu ya Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, inayotajwa sana ilichukulia kwamba mtumiaji mmoja hukutana na wastani wa asilimia 31 ya matatizo, hivyo watano huibua takriban asilimia 85. Hiyo ni kwa watu wa aina moja. Msimamizi, mhandisi, mkadiriaji majenzi na mtunza stoo hawafanani kazi wala hofu, kwa hiyo tafuta watano kwa kila kundi, au chagua kundi moja ulifanye vizuri.

Mazingira nayo ni sehemu ya jaribio. Jua la mchana hufikia lux 100,000 (lux ni kipimo cha mwanga), wakati ofisi ina kama 500. Maandishi ya kijivu yaliyopendeza mezani hayasomeki kule. Kitufe cha milimita 9 kinatosha kidole kitupu, si glavu.

Halafu zima mtandao. Waambie watu wawili wabadilishe rekodi ya kasoro ileile wakiwa nje ya mtandao, uwashe tena, uone nani amepoteza maandishi yake na kama ameambiwa. Mwisho mwombe fundi akuonyeshe mchoro anaoutumia sasa hivi. Ikiwa simu yake ina toleo C wakati ofisi imeshatoa D, na skrini haisemi chochote, simamisha utafiti wa rangi na vitufe, ushughulikie hilo kwanza, kwa sababu kuna nondo zinafungwa kwa mchoro huo.