Kubazi langu na mama wa watu

Naandika haya kwa sababu yule rafiki yangu wa Tanga kashaniwahi. Video imeingia kundi la wanafunzi wa Pune, huku India tunakosoma, ikavuka bahari hadi kundi la ukoo wetu Maswa, na maneno aliyoyaweka chini yake ni haya: "Msukuma kabadili dini." Sijabadili. Nipeni nafasi nijieleze, jambo lenyewe ni la juzi na paji la uso bado linaniwasha.

Tulikuwa Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu, likizo ya Diwali, sikukuu yao ya taa. Zaidi ya saa 24 kwenye treni kutoka Pune, mgongo umekauka kama mti, lakini nilikuwa na azma moja: kumnunulia mama sari ya hariri ya Banaras, jina jingine la mji huohuo, avae harusi ya dada. Nikaipata. Rupia 3,200, baada ya kuvutana bei saa nzima na kunyweshwa vikombe vitatu vya chai. Nikatoka dukani natembea kama bwana harusi aliyemaliza mahari.

Sasa, vichochoro vya Varanasi. Wenyewe wanaviita gali. Vingine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na humohumo ipite pikipiki, wapite mahujaji, ipite maiti kwenye machela ya mianzi ikipelekwa Mto Ganga, na apite ng'ombe. Wana msemo kule kwamba anayetaka kukaa Kashi, ndiyo Varanasi hiyohiyo, ajihadhari na vitu vinne: wajane, mafahali, ngazi na masadhu, yaani watawa wa Kihindu. Mafahali wametajwa. Jike hakutajwa. Nikajiona salama.

Isitoshe, mimi wa kufundishwa ng'ombe? Nimechunga tangu nina miaka sita. Kwetu mtu akitaka kukujua haulizi kazi yako, anauliza zizi la baba yako lina wangapi.

Huyu alikuwa mweupe, nundu safi, pembe zimepakwa rangi, shada la maua ya manjano shingoni. Nikadhani ndiyo mavazi yake ya kila siku. Mtanga hakuniambia, na alikuwa anajua, kwamba siku ile ni Govardhan Puja, wanapokumbuka mungu Krishna alivyouinua mlima kwa kidole kidogo ukawa mwavuli wa wachungaji na mifugo yao, wasizamishwe na mvua ya Indra, mungu wa mvua. Yaani katika siku zote za mwaka za kukosana na ng'ombe nchini India, mimi nikaichagua ile.

Alisimama katikati ya njia. Mzee aliyenitangulia akamgusa ubavuni, akajigusa paji la uso, akapita. Nami nikapita kwa adabu zote, tumbo nimelivuta ndani. Nimeshafika usawa wa kichwa chake, nahisi mfuko umekuwa mzito ghafla.

Nageuka. Mfuko uko mdomoni. Anatafuna polepole, ananitazama machoni kama mkwe mwenye dharau. Pindo la sari ya mama, lile lenye nyuzi za dhahabu, linaingia kama tambi.

Nikavuta. Akavuta. Nikamwambia kwa Kisukuma yale maneno baba humwambia ng'ombe aliyeingia shamba la mtu. Akaongeza kasi ya kutafuna. Hapo ndipo mkono wangu, nasema mkono, si mimi, ulipoinama ukavua kubazi.

Naomba tusimame hapa kidogo.

Kubazi liko juu. Muuza chai kasahau kwamba anamimina, chai inamwagikia meza. Pikipiki imezimwa. Bibi mmoja amefunika mdomo kwa pindo la sari yake. Kichochoro kizima, ambacho tangu asubuhi hakikunyamaza hata dakika, kimya. Nami naangalia nilichokishika: ngozi. Ngozi ya ng'ombe, tena wa zizini kwa baba, namjua hadi jina. Nimemwinua shangazi wa mtu ili nimpige mama wa watu.

Maana ndivyo wanavyomwita: gau mata, ng'ombe mama. Si kwamba sikujua! Mama mwenye nyumba wetu Pune, chapati ya kwanza ya asubuhi haili mtu, ni ya ng'ombe. Maziwa, mtindi, samli, mkojo na kinyesi chake ndivyo vitu vitano vya kujitakasia. Na Maharashtra tangu 2015 hata fahali na maksai hawachinjwi, sisi wapenda supu tunajistiri kwa nyati wa kufugwa. Miaka miwili nayajua hayo yote. Mkono ndio haukuyajua.

Sasa mkono uko juu na hauwezi kukaa juu. Ukitua kwa nguvu, nimekwisha. Ukirudi chini bure, kila mtu ameshaelewa ulikuwa unaenda wapi. Akili ikaniletea yule mzee aliyenitangulia. Nikaushusha taratibuuu, nikamgusa ng'ombe ubavuni, nikainamisha kichwa, nikajigusa paji la uso.

Kwa kubazi.

Mkono ulikuwa uleule, jamani. Nimempangusa ng'ombe kwa kiatu, kisha nikajipiga nacho usoni, katika nchi ambayo kupigwa kiatu ni fedheha kuliko zote. Nilijihudumia mwenyewe. Halafu, sijui kwa nini, nikasema, "Amina."

Nyie wa Mwanza mnaocheka nimewaona, na majina nimeyaandika.

Aliyeanza kucheka alikuwa yule bibi, kikafuata kichochoro kizima. Akaja, akaniuliza kwa ishara kiatu ni ngozi ya nini. "Mbuzi," nikasema, nikalia "meee" ili aelewe. Akanipa chapati na kipande cha sukari guru nimlishe ng'ombe, ng'ombe akaachia sari, nikaomba radhi kwa kila aliyekuwa na macho, tukaondoka. Sari huwa na mita kama tano na nusu. Mimi nina nne na kidogo, na mate.

Baba kapiga jana usiku. Nilijiandaa kwa matusi. Kaniuliza kama yule ng'ombe anakamuliwa lita ngapi, na kwa nundu ile wanamuuza bei gani. Nikamwambia hauzwi. Akakaa kimya muda mrefu, akasema hao ni watu wa maana.

Mama bado hajapiga. Mama ameiona sari.