Ushindi wa Cairo haukuwa wa bure

Barazani hapa Mombasa, Harambee Stars na Taifa Stars zikitajwa, mechi ya Cairo ya Juni 27, 2019, ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON), lazima irudi: Kenya 3, Tanzania 2. Na hakosi wa kuipuuza. Ushindi wa bure ule, atasema. Vibonde wawili wa Kundi C waligombea nafasi ya tatu, kisha wote wakarudi nyumbani.

Hoja anayo. Kila moja ilikuwa imeshachapwa 2-0, Kenya na Algeria, Tanzania na Senegal. Na ulinzi wa Kenya usiku ule ulitia aibu. Simon Msuva alifunga dakika ya 6 tu. Michael Olunga akasawazisha kwa tikitaka, baada ya kipa Aishi Manula kuutema mpira, na watu hawajamaliza kushangilia Mbwana Samatta akairudisha Tanzania mbele. Timu inayotaka kufika mbali haifungwi hivyo.

Hata hivyo, mwenye kusema mechi ile ilikuwa ya bure hakulitazama jedwali. Mashindano yale yalikuwa ya kwanza ya timu 24, na kati ya timu sita zilizoshika nafasi ya tatu, nne zilisonga mbele. Kichwa cha Johanna Omolo dakika ya 62 na bao la pili la Olunga dakika ya 80 viliipa Kenya pointi 3. Kwa pointi 3 hizo hizo DR Congo ilipita. Afrika Kusini nayo ilipita, ikiwa na bao moja tu katika mechi tatu na tofauti ya mabao ya -1, halafu ikawatoa wenyeji Misri! Kenya, yenye mabao matatu, ilitolewa na tofauti yake ya -4.

Hiyo -4 ilitoka wapi? Baada ya kuifunga Tanzania, Kenya ilibaki na -1. Julai 1 ikacheza na Senegal. Patrick Matasi akapangua penalti ya Sadio Mané, na hadi saa moja ya mchezo ilikuwa 0-0. Sare ingeipa Kenya pointi 4, na pointi 4 zilitosha kabisa. Ismaïla Sarr akafunga dakika ya 63, Mané akaongeza mawili, Philemon Otieno akala kadi nyekundu. Bila ushindi dhidi ya Tanzania, hata hiyo saa moja ya matumaini isingekuwepo.

Kwetu Pwani, wenye wajomba Tanga na Pemba, mechi ile ilikuwa na uzito wake. Ilianza saa tano usiku, na walioshangilia bao la Samatta wakaitwa wasaliti. Sikubaliani na neno hilo. Faruk Shikhalo, kipa wa Bandari yetu, alikuwa kwenye kikosi cha Kenya, na mwaka huo huo akasajiliwa Yanga. Nani alimwona msaliti?

Na hao vibonde, kundini mwao walifungwa na nani wengine? Algeria na Senegal ndizo zilizokutana fainali. Mwenye lawama aende nazo kwenye ile nusu saa ya mwisho na Senegal, usiku wa Tanzania auache na sifa zake.