Bili ya mtoto njiti haiishi siku ya kuruhusiwa

Wiki iliyopita kwenye grupu letu la familia tulichangia ndugu yetu mmoja wa Buswelu, hapa Mwanza, aliyejifungua wiki ya 30, watu wakatoa vizuri kwa kweli, ikafika laki tano na kitu, mtoto akaruhusiwa na kilo 1.8 na mweka hazina akaandika "tumshukuru Mungu, zoezi letu limefungwa rasmi." Emoji za mikono zikajaa. Mi nilibaki nimeshika simu sijui nijibu nini, maana kwangu mimi zoezi lilianza siku hiyo hiyo ambayo watu waliandika limefungwa.

Binti yangu sasa ana miaka saba. Alizaliwa wiki ya 29, gramu 1,150. Asubuhi nilikuwa mwaloni Kirumba napimiwa dagaa, nilikuwa natuma magunia Dodoma, mchana kichwa kikaanza kugonga na macho yakawa yanaona nyota nyota, jioni nikapimwa presha nikaona nesi kabadilika uso. Kifafa cha mimba kilikuwa kinanyemelea. Wakanichoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na kabla siku mbili hazijaisha wakamtoa.

Tulikaa wodini wiki sita. Oksijeni ya puani, mwanga wa bluu kwa ajili ya manjano, maziwa kwa mrija kwa kipimo cha bomba la sindano, kuongezwa damu mara mbili. Baadaye nikahamia chumba cha kangaruu, mtoto kifuani ngozi kwa ngozi usiku na mchana. Hii huduma ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa sababu inkubeta hazikutosha, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilisema ianze mapema mara tu mtoto anapozaliwa, saa 8 mpaka 24 kwa siku. Ninaipenda na ninaamini ndiyo iliyompa mwanangu uhai. Ila watu wakisema kangaruu ni ya bure huwa nawauliza bure kwa nani, kwa sababu mama aliyefungwa mtoto kifuani saa ishirini hauzi dagaa, hapiki mgahawani, haendi shamba, na huko nyumbani kuna wengine wanataka kula. Mtaji wangu wote uliishia kwenye kile kiti cha kangaruu na sijawahi kuurudisha ulivyokuwa.

Basi tukaruhusiwa. Kila mtu akapumua. Nami nikaondoka na kadi ya miadi yenye tarehe nne tofauti, kliniki nne tofauti, siku nne tofauti.

Akiwa na miezi minne nimonia, siku tisa wodini. Akiwa na miezi saba tena kifua, siku sita. Kabla hajafika mwaka ngiri ikatoka kwenye kinena ikabidi afanyiwe upasuaji, nikaambiwa kwa njiti ngiri ni kitu cha kawaida sana, nikajiuliza kama ni cha kawaida mbona hakuna aliyenitajia mapema nikajipanga. Miguu ikawa migumu, tukaanza mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, akatembea akiwa na miaka miwili na miezi miwili (siku ile nililia mpaka mama mkwe akadhani kuna msiba). Akiwa na miaka minne, miwani. Mpaka anatimiza mitatu alikuwa amelazwa mara sita bila kuhesabu zile wiki za mwanzo, na mama mkwe, ambaye ametubeba sana, alikuwa ananiambia kwa upole "mayu, mtoto ameshanenepa huyu, bado tu mnahangaika hospitali?"

Nilidhani ni bahati yangu peke yangu mpaka nikakutana na utafiti wa England uliotoka mwaka 2020, wamefuatilia watoto zaidi ya milioni moja tangu kuzaliwa mpaka miaka kumi. Waliozaliwa kabla ya wiki 28 walikuwa wanalazwa karibu mara tano zaidi ya waliotimiza wiki 40, tofauti inapungua kadiri wanavyokua lakini mpaka miaka kumi bado ipo, na sababu kubwa ni maambukizi. Kumbe ndiyo njia yenyewe, siyo mkosi wangu. Na kuna hesabu nyingine ya zamani kidogo, ya mwaka 2009, ya England na Wales, iliyoonyesha mtoto njiti mpaka afike miaka 18 anagharimu karibu pauni 23,000 zaidi ya aliyezaliwa kwa wakati, na sehemu kubwa kabisa ya hizo ni hospitali. Sasa kule hiyo bili kwa sehemu kubwa inabebwa na kodi za wote. Huku kwetu kwa kiasi kikubwa inabebwa na gunia la dagaa, mbuzi wa babu, na mkopo wa vikoba.

Najua kuna atakayesema mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure. Ni kweli Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema hivyo kwa hospitali za serikali na sitaki kuidharau, imeokoa wengi nikiwemo mimi. Ila mi nilikuwa naandika kila kitu kwenye daftari, tabia ya biashara, na nilipojumlisha nikakuta pesa niliyolipa kaunta ni sehemu ndogo. Kubwa ilikuwa nauli, bodaboda ya usiku mtoto anapobanwa kifua, chakula cha anayelala na mgonjwa, dawa ambayo dirishani imeisha ikabidi kununua nje, kipimo ambacho mashine yake imeharibika, na zaidi ya vyote siku ambazo sikufungua biashara. Hizo siku hakuna msamaha wa ustawi wa jamii unaozigusa. Halafu mtoto akitimiza mitano ule msamaha unaisha, wakati ndiyo anaanza shule na ndiyo unagundua haoni ubao vizuri au anachelewa kushika herufi.

Ile kadi ya bima ya watoto ya shilingi 50,400 kwa mwaka ilikuwa mkombozi kwa familia kama yetu. Mwaka 2023 usajili wa mzazi mmoja mmoja ukasimamishwa kwa muda, ikawa watoto wasajiliwe kupitia shule, na nilichofikiria ni yule wa kilo moja aliyeko kifuani kwa mama yake, atasajiliwa shule gani? Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya bima ya afya kwa wote na naiombea itekelezwe kwa haraka. Hata likizo, nilifurahi sana sheria ya kazi iliporekebishwa mwaka 2025 mama aliyejifungua njiti akaongezewa muda juu ya zile siku 84. Lakini hiyo ni kwa aliyeajiriwa. Wanawake niliolala nao kwenye chumba cha kangaruu, wale kumi na mmoja, mwajiriwa alikuwa mmoja tu, mwalimu.

Mmoja wao alikuwa anatoka Ukerewe. Kitanda chake kilikuwa pembeni ya changu, mtoto wake alikuwa mdogo kuliko wangu, gramu 980, na huyu dada ndiye alinifundisha kukamua maziwa bila kuumia. Tuliruhusiwa wiki ile ile moja, tukapewa tarehe ya kupimwa macho. Kwa wasiojua, mtoto aliyezaliwa mdogo sana mishipa ya damu ya nyuma ya jicho inakuwa haijamaliza kuota, inaweza kuota vibaya ikaivuta retina ikabanduka. Kipimo kinatakiwa kuanzia kama wiki ya nne baada ya kuzaliwa na kinarudiwa, na ikionekana inahitaji leza inafanyika ndani ya siku chache, ukichelewa hakuna kurudi nyuma. Mimi nilipanda daladala nikaenda. Yeye alitakiwa atoke kijijini mpaka Nansio, apande meli masaa matatu ya ziwa, alale Mwanza kwa mtu, apimwe, arudi, halafu baada ya wiki mbili aje tena. Mume wake alikuwa ameuza nyavu tayari kwa ajili ya zile wiki za wodini. Hakuja.

Nilikutana naye bandarini baada ya miaka miwili. Mtoto kanenepa, mzuri, anacheka akisikia sauti ya mama yake, na anageuza shingo kutafuta ile sauti kwa sikio. Nilielewa kabla hajaniambia.

Nauli ya kwenda na kurudi. Ndicho kilichokosekana. Hospitali ilikuwepo na tarehe alikuwa amepewa kwa mkono wake.

Kwa hiyo tarehe 17 Novemba, Siku ya Watoto Njiti, tunapoona watu wanapeleka mashine wodini, nashukuru kwa moyo wote, mashine zinahitajika. Ninachoomba kiongezwe hapo ni kliniki moja ya njiti, siku moja, jengo moja, macho na masikio na kifua na viungo vyote vikaguliwe asubuhi hiyo hiyo, ili mama wa Sengerema au wa Ukerewe asafiri mara moja badala ya mara nne. Na nauli iwemo kwenye bajeti kama dawa inavyowekwa kwenye bajeti. Na ule msamaha kwa aliyezaliwa njiti usikatike akiwa na miaka mitano, ufike angalau darasa la kwanza au la pili tumjue amekaaje. Wafadhili wanaopenda kusaidia, nauli haipendezi kwenye picha lakini ndiyo iliyopoteza macho ya yule mtoto.

Na sisi wa michango pia tubadilike. Tunamwaga hela zote kwenye bili ya wodini, mtoto anatoka familia haina hata mia.

Usiku ule nikaandika kwenye grupu. Nikawaambia ndugu zangu zoezi lisifungwe, nikawaeleza ya daftari langu na ya yule dada wa Ukerewe, nikaomba kila mwenye uwezo atoe elfu tano kwa mwezi kwa mwaka mmoja tu. Wawili walinuna, mmoja akasema tumechoka. Kumi na wanne wakakubali, na mweka hazina akaniambia basi hii ya safari hii dada tunza wewe.

Jumanne saa mbili asubuhi mtoto wa Buswelu ana miadi ya macho. Nauli yao iko kwangu, nimeiweka kwenye lile daftari.